Kabla ya Kulipia Mfumo: Panga Kwanza Kazi za Ofisi Zitakazojiendesha

Biashara ndogo nyingi hazina ofisi, lakini kazi za ofisi zinazo tele. Kuandika oda, kuangalia kama pesa imeingia, kutoa risiti, kumkumbusha mteja deni, kulipa mafundi Jumamosi, kuandaa hesabu za KRA. Kazi hizi hufanywa na mtu yuleyule anayeuza, tena akiwa amesimama, simu mkononi, na mteja mwingine anagonga kaunta kwa sarafu.

Nyingi ya kazi hizo siku hizi zinaweza kujiendesha zenyewe. Shida ni kwamba wengi huanzia mwisho: wanalipia programu kwanza, halafu ndiyo wanatafuta kazi ya kuipa. Baada ya miezi mitatu programu bado inakatwa pesa kila mwezi, na daftari bado liko palepale chini ya kaunta. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuanzia mwanzo, kwa kalamu na karatasi, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Mfumo unaojiendesha ni nini hasa?

Usiogope jina. Ni kanuni tu za aina hii: kikitokea hiki, na hali ikiwa hivi, basi fanya hivi. Malipo yakiingia, na yakiwa na nambari ya oda tunayoijua, basi punguza deni la oda hiyo na umtumie mteja risiti. Basi. Mfumo wote ni mkusanyiko wa kanuni kama hizo. Kompyuta inafuata kanuni bila kuchoka, lakini haikutungii. Kazi ya kutunga ni yako, na ndiyo kazi ngumu.

Mfano wetu: duka la sare za shule

Chukua duka la kushona sare za shule pale Nakuru. Kuna mwenye duka, msaidizi mmoja wa kaunta, na mafundi watatu wanaolipwa kwa kila nguo. Mwaka mzima kazi ni ya wastani, lakini shule zikikaribia kufunguliwa Januari watu wanapanga foleni hadi nje. Mzazi analipa kiasi, anaenda, analipa baki akija kuchukua nguo. Shule mbili tatu zinaagiza kwa mkopo. Ni mfano tu, lakini kama unatengeneza milango, unapika keki za oda au unakodisha hema na viti, utajiona humo.

Sasa fikiria siku moja ya Januari. Mzazi anakuja na kusema alishamaliza kulipa. Daftari linasema anadaiwa Sh2,300. Kwenye taarifa ya till kweli kuna malipo ya Sh2,300, lakini jina ni la mtu mwingine, kwa sababu aliyetuma ni shemeji yake. Msaidizi anaonekana mwizi, mzazi anaonekana mwongo, na mtoto anaripoti shule kesho yake bila sweta. Pesa haikupotea popote. Iliingia tu bila kusema imeingilia nini. Ukitatua jambo hilo moja, nusu ya kazi zako za ofisi zitakuwa zimekwisha.

Hatua ya 1: Hesabu kazi kwa wiki moja

Kwa siku sita za kazi, weka karatasi kwenye kaunta. Kila kazi ambayo si kuuza wala kushona, andika mambo manne: ni kazi gani, nani ameifanya, imechukua dakika ngapi, na nini kimeianzisha. Usitegemee kukumbuka jioni, maana kazi ndogondogo ndizo husahaulika na ndizo zinazokula siku.

Mwisho wa wiki, jumlisha. Tuseme duka letu linapokea oda 25 kwa siku wakati wa msimu, na kila oda inachukua dakika 6 za kutafuta malipo yake kwenye simu, kuandika daftarini na kumjibu mteja anayeuliza kama pesa imefika. Hizo ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu kila siku, na saa 15 kwa wiki. Kwa upande mwingine, kuandaa ankara za shule kunachukua saa moja tu kwa mwezi. Ukiwa na hesabu hizo, utajua pa kuanzia. Bila hizo, utanunua mfumo mzuri wa ankara na uendelee kupoteza saa 15 kila wiki.

Safu ya nne, ile ya nini kimeianzisha, iangalie kwa makini. Kazi inayoanzishwa na tukio linaloonekana, kama malipo kuingia, tarehe kufika au nguo kukamilika, inaweza kujiendesha. Kazi inayoanzishwa na mwenye duka kukumbuka akiwa kitandani haiwezi, mpaka uitafutie tukio la kuianzisha.

Hatua ya 2: Chora safari ya oda moja

Chukua oda moja ya kawaida uifuate toka mlangoni hadi mlangoni. Kwa duka letu vituo ni vitano: imeandikwa, imelipiwa malipo ya kwanza, inashonwa, iko tayari, imechukuliwa. Kati ya kituo na kituo, andika lango: ni kitu gani lazima kiwe kimefanyika ndipo oda ipite, na nani anaruhusiwa kuipitisha. Kwa mfano, kitambaa hakikatwi mpaka malipo ya kwanza yaonekane kwenye akaunti ya duka. Nguo haitoki mpaka deni liwe sufuri, au mwenye duka aidhinishe.

Hapa ndipo utagundua kuwa biashara yako ina sheria ambazo hazijawahi kuandikwa. Mzazi akileta pungufu ya nusu, tunaanza kushona au hatuanzi? Mteja wa zamani naye? Vipimo vikikosewa, gharama ni ya fundi, ya duka au ya mzazi? Nguo ikikaa miezi mitatu bila kuchukuliwa, tunafanyaje? Msaidizi wako amekuwa akijibu maswali haya kichwani kila siku, pengine tofauti na unavyodhani. Kaeni chini pamoja, mkubaliane, muandike. Mfumo haujui mambo ya "huyu tunamjua." Ukitaka umjue, lazima useme anajulikana kwa kitu gani: kwa mfano, amewahi kumaliza kulipa oda tatu.

Usimwache msaidizi nje ya mazungumzo haya. Yeye ndiye anayejua wateja wanavyolipa kwa kweli, na yeye ndiye atakayeona kama mfumo unaletwa kumsaidia au kumfukuza. Mwambie mapema zile saa 15 zitakazookolewa atazifanyia nini.

Hatua ya 3: Kila pesa iseme imeingilia nini

Ipe kila oda nambari yake, rahisi na fupi, kama 0147. Iandike kwenye kadi ya mteja, kwenye kifurushi cha kitambaa na kwenye mfumo. Halafu chagua njia ya kuifanya nambari hiyo isafiri pamoja na pesa. Kwa M-PESA ziko njia tatu kuu.

Nambari ya till. Mteja anaandika nambari ya till, kiasi na nambari yake ya siri. Ni haraka, lakini haimuulizi pesa ni za nini. Unabaki kulinganisha kwa jina, saa na kiasi, na hapo ndipo shemeji anatuchanganya. Inafaa biashara ambayo mteja analipa na kuondoka na bidhaa yake papo hapo.

Paybill. Mteja anaulizwa pia nambari ya akaunti. Hapo anaandika 0147, na haijalishi nani ametuma: mama, shemeji au babu aliye Eldoret. Kasoro yake ni kwamba mteja anaweza kukosea, akaandika 0174, au jina la mtoto, au neno "sweta."

Ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Duka ndilo linaanzisha: mfumo unatuma ombi lenye kiasi na nambari ya oda, mteja anaona ujumbe kwenye simu yake na kuweka nambari ya siri tu. Hakuna nafasi ya kukosea kuandika. Lakini simu lazima iwe hewani, na mteja asipojibu kwa muda mfupi ombi linaisha na utalazimika kutuma upya. Ombi linaweza kutumwa hata kwa simu ya shemeji, mradi mmeelewana naye.

Duka letu linaweza kutumia ombi la malipo mteja akiwa kaunta, na Paybill kwa wanaolipa wakiwa mbali. Vyovyote utakavyochagua, andika kanuni hizi nne kwenye mpango wako:

1. Msimbo wa muamala ndio kitambulisho cha malipo. Msimbo wa M-PESA una herufi na tarakimu 10, na haurudiwi. Mfumo ukatae msimbo uleule kutumika mara mbili.

2. Ushahidi ni taarifa ya akaunti yako, si meseji kwenye simu ya mteja. Meseji inaweza kutungwa na mtu yeyote. Kama malipo hayaonekani upande wako, bado hayajaingia, hata mteja akuonyeshe nini.

3. Deni moja liweze kupokea miamala mingi, na muamala mmoja uweze kugawanywa kwa oda nyingi. Ukomo wa muamala mmoja wa M-PESA ni Sh250,000, na wa siku nzima ni Sh500,000. Mdhamini wa shule akilipa ankara ya Sh380,000 kwa simu yake, lazima atume angalau mara mbili. Na mama mwenye watoto watatu hatatuma mara tatu. Atatuma mara moja kwa wote. Mfumo usioweza mambo haya mawili utakurudisha kwenye daftari ndani ya wiki.

4. Kuwe na kapu la malipo yasiyojulikana. Malipo ambayo nambari yake haieleweki yasikataliwe wala yasikisiwe. Yaingie kapuni, na mtu mmoja awe na jukumu la kulimaliza kapu kabla ya duka kufungwa.

Hatua ya 4: Amua nini kijiendeshe na nini kibaki kwa mtu

Kipimo chetu ni hiki. Kazi inayorudiwa kwa njia ileile, na ambayo kosa lake hurekebishika kwa dakika tano, ijiendeshe. Kazi inayotoa pesa nje au inayoharibu uhusiano na mteja, mfumo uiandae lakini mtu aidhinishe.

Kwa duka letu, hizi zinaweza kujiendesha:

- Oda ikiandikwa, mteja apate meseji yenye nambari ya oda, jumla ya bei na jinsi ya kulipa.
- Malipo yakiingia na nambari ikilingana, deni lipungue na risiti itumwe.
- Malipo ya kwanza yakikamilika, oda ihamie kwenye orodha ya kukatwa kesho yake.
- Fundi akimaliza nguo ya mwisho ya oda, mteja aambiwe aje.
- Siku saba zikipita bila nguo kuchukuliwa, mteja akumbushwe.
- Saa kumi na mbili jioni, mwenye duka apokee muhtasari: oda mpya, pesa zilizoingia, yaliyo kapuni.

Na hizi zibaki mikononi mwa mtu: kupunguza bei, kurudisha pesa, kufuta oda, kumpa mtu mkopo, kubadilisha nambari ya simu ya fundi anayelipwa, na kumpigia mdaiwa ambaye amekumbushwa mara mbili. Meseji ya tatu hailipi deni. Simu ya mtu humlipisha, na wakati mwingine ndipo unapojua kwamba mteja ana msiba.

Meseji zenyewe ziandike kama unavyozungumza dukani, fupi na zenye jibu la swali ambalo mteja angeuliza. Tuseme oda ni sweta moja ya Sh1,200, mashati mawili ya Sh650 na suruali mbili za Sh900. Jumla ni Sh4,300. Mzazi ametuma Sh2,000. Meseji iseme hivi: "Habari. Tumepokea Sh2,000 kwa oda 0147. Baki ni Sh2,300. Nguo zitakuwa tayari Alhamisi saa nane mchana. Asante." Panga pia masaa: hakuna meseji kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa moja usiku. Mtu aliyeamshwa na risiti hafurahii risiti.

Hatua ya 5: Panga mambo yakiharibika

Wauzaji wa mifumo hukuonyesha siku nzuri. Wewe panga siku mbaya. Kwa kila swali hapa chini, andika sentensi moja ya jibu:

- Mtandao ukipotea saa mbili na foleni iko nje, tunaandika wapi, na nani anaingiza kwenye mfumo baadaye?
- Taarifa ya malipo ikichelewa kufika kwenye mfumo, nani anakagua taarifa ya akaunti moja kwa moja?
- Taarifa hiyohiyo ikifika mara mbili, mfumo unajua ni moja? Kanuni ya msimbo inakulinda hapa.
- Mteja akilipa zaidi, ziada inarudishwa au inabaki kama akiba ya oda ijayo?
- Oda ikifutwa baada ya kitambaa kukatwa, anarudishiwa kiasi gani?
- Simu ya duka ikiibiwa, nani anafunga ufikiaji, na kwa dakika ngapi?

Juu ya yote, usiache kulinganisha hesabu kila jioni, hata mfumo uwe mzuri namna gani. Ni kazi ya dakika kumi. Chukua jumla ya siku kwenye mfumo, jumla kwenye taarifa ya akaunti, na pesa taslimu zilizo droo. Tuseme taarifa ya akaunti inasema Sh48,700 zimeingia, lakini oda kwenye mfumo zimepokea Sh46,400. Tofauti ni Sh2,300. Unafungua kapu, unakuta Sh2,300 zenye jina la mtu usiyemjua na neno "sweta." Unaangalia nani anadaiwa Sh2,300 kamili: oda 0147. Unampigia mzazi, anasema, "Ndiyo, huyo ni shemeji." Kapu tupu, funga duka. Ugomvi wa Januari umeisha kabla haujaanza, na hakuna aliyeitwa mwizi.

Kama tofauti haipatikani, usiilazimishe ilingane kwa kuandika nambari ya kubuni. Iandike kama ilivyo, na tarehe yake. Tofauti ndogo inayojirudia kila Ijumaa ina hadithi ya kukuambia.

Malipo ya mafundi

Kazi ya kulipwa kwa kipande inatambuliwa na Sheria ya Ajira ya 2007, na kumbukumbu zake ndizo kinga yako na ya fundi. Mpango mzuri ni huu: kila nguo ikikamilika inaandikwa kwa nambari ya oda na jina la fundi, na jioni kila fundi anapata meseji ya idadi yake ya siku hiyo. Akiona kosa analisema kesho yake asubuhi, nguo ikiwa bado inaonekana, badala ya Jumamosi jioni wakati kila mtu amechoka na anataka kwenda nyumbani.

Jumamosi mfumo unajumlisha. Mashati 14 kwa Sh150 ni Sh2,100. Suruali 9 kwa Sh200 ni Sh1,800. Jumla Sh3,900, toa Sh500 alizochukua Jumatano, zinabaki Sh3,400. Mfumo uandae orodha, lakini usitume pesa wenyewe. Msaidizi anaandaa, mwenye duka anapitia na kuidhinisha kwa simu yake. Kazi hizi mbili zisiwe za mtu mmoja, hata kama ni ndugu yako. Si kwamba humwamini. Ni kwamba sifuri moja ya ziada hutumwa kwa sekunde moja, na kuirudisha huchukua siku na maneno mengi.

Kwa wafanyakazi wa mshahara, weka kwenye mfumo makato ya lazima: SHIF asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kutoka kwako, NSSF, na PAYE kwa anayefikia kiwango. PAYE inatakiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Panga ukumbusho tarehe 3, si tarehe 8.

Risiti ya meseji si ankara ya eTIMS

Hili huwachanganya wengi. Meseji ya "tumepokea" inamtuliza mteja, lakini KRA inataka ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya namna hiyo haikubaliwi kupunguza mapato wakati wa kukokotoa kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Maana yake kwako ni mbili. Wanunuzi wanaofuata sheria, shule binafsi zikiwemo, watakudai ankara ya eTIMS, na usipokuwa nayo watahamia kwa jirani. Nawe vilevile mdai ankara anayekuuzia vitambaa.

Kwa biashara ndogo, eTIMS inapatikana hata kwa kupiga *222#, kwa hiyo huhitaji mashine ya bei ghali. Kwenye mpango wako, amua ankara itolewe lini, oda ikiandikwa au nguo zikitoka, na nani aitoe. Kama umesajiliwa kwa VAT, ripoti yake ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na kumbukumbu zote zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo uliza mapema: siku nikiacha kulipia programu hii, nitapata hesabu zangu zote, na kwa faili ninayoweza kufungua?

Linda wateja na ujilinde

Duka letu lina majina ya watoto, shule zao, vipimo vya miili yao na simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata biashara ndogo. Kusanya unachohitaji tu. Mwambie mzazi unakitumia kwa nini. Usitumie nambari yake kumtangazia bidhaa bila yeye kukubali.

Ndani ya duka, kila mtu awe na jina na nywila yake mwenyewe, na akiondoka kazini zifungwe siku hiyohiyo. Msaidizi aweze kuingiza malipo lakini asiweze kuyafuta. Kosa lirekebishwe kwa ingizo jipya linaloonyesha nani amerekebisha na kwa nini. Na nambari yako ya siri ya simu haina nafasi kwenye mfumo wowote. Mtu anayekuunganishia mfumo akikuuliza PIN, au msimbo uliotumwa kwa meseji, mfunge mlango. Hauhitajiki kwa kazi hiyo.

Je, inalipa?

Rudi kwenye karatasi ya wiki ya kwanza. Tuseme ile kazi ya saa 15 inapungua hadi saa 2. Umeokoa saa 13 kwa wiki. Kama saa moja ya msaidizi inakugharimu Sh100, hiyo ni Sh1,300 kwa wiki, takriban Sh5,600 kwa mwezi, tena wakati wa msimu pekee. Mfumo wa Sh15,000 kwa mwezi hauingii hapo. Wa Sh3,000 unaweza kuingia. Na kama oda zako ni tano kwa siku, lahajedwali lililopangwa vizuri, nambari za oda na kulinganisha kila jioni vitakutosha kabisa. Hiyo pia ni jibu la halali.

Unapouliza bei, uliza yote: ada ya kuunganisha, ada ya kila mwezi, bei ya kila meseji, ada ya kila muamala, na mafunzo. Meseji nne kwa kila oda, mara oda 25 kwa siku, ni meseji 100 kila siku. Zidisha kwa bei ya meseji moja kabla hujaamua kutuma meseji ya kutakia kila mtu wikendi njema.

Anza kidogo, na uanze wakati mzuri

Usianze Desemba. Anza Februari, wakati watoto wametulia darasani na kosa lina nafasi ya kurekebishwa. Chukua kipande kimoja tu, kile kilichokula saa nyingi zaidi: kulinganisha malipo na oda. Kwa wiki mbili kiendeshe sambamba na daftari. Kila jioni linganisha. Vikitofautiana, tafuta sababu kabla ya kulala. Zikipita siku kumi za kazi mfululizo bila tofauti isiyoelezeka, weka daftari kabatini na uongeze kipande kinachofuata, pengine meseji za "nguo ziko tayari." Malipo ya mafundi yaje mwisho, kwa sababu hapo kosa linagusa sahani ya mtu.

Mpango wako wote unapaswa kuenea kwenye karatasi mbili:

1. Orodha ya kazi na dakika zake.
2. Safari ya oda, na lango la kila kituo.
3. Njia ya malipo na nambari itakayosafiri na pesa.
4. Kanuni zinazojiendesha, na zile zinazobaki kwa mtu, pamoja na jina lake.
5. Majibu ya siku mbaya.
6. Tarehe za KRA.
7. Kiasi cha juu utakacholipa kwa mwezi, na siku ya kupima kama kinalipa.

Ukiwa na karatasi hizo, nenda kwa muuzaji yeyote wa mifumo, sisi tukiwemo, umwambie: nionyeshe jinsi mfumo wako unavyofanya haya. Asiyeweza kukuonyesha oda 0147 ikilipwa na shemeji, kwa awamu mbili, mtandao ukiwa umepotea katikati, mshukuru kwa chai uendelee kutafuta.